Sikio la Kapita

Kofia zote za Kapita zilikuwa zimekatwa. Alikuwa akinunua kofia pana, ya majani au ya kitambaa, anaiweka mezani, anachukua mkasi wa mke wake na kuondoa ukingo wa kulia na wa kushoto mpaka masikio yapate kutoka nje. Mbele na nyuma aliacha. Ukimwona kwa mbali ulidhani amejibandika jembe kichwani. Yeye hakuona kichekesho, na sisi hatukucheka mbele yake.

Kapita ni cheo. Chini ya ardhi, kwenye migodi ya Kolwezi, ndiye aliyesimamia timu yetu, ndiye aliyeingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Mimi nilikuwa mbeba mawe wake. Leo nina malori, nina watu wanaonifungulia geti, na sikusoma kupita darasa la tatu. Kusoma huku kwa shida na kuandika huku nilijifunza mwenyewe, kwa mifuko ya saruji na magazeti ya zamani. Lakini kusikiliza nilifundishwa, na aliyenifundisha ni yeye. Hata mke wake alimwita Kapita, basi nami nitaliacha jina lake lipumzike.

Alikuwa albino. Nalisema mapema kwa sababu bila hilo hutaelewa kitu. Sisi wengine shimo lilitula: vumbi, maji, joto, kukohoa. Yeye shimo lilimhifadhi. Jua halifiki kule, na miaka yote aliyokaa chini ngozi yake ilibaki laini kama ya mtoto. Vijana walimpa jina, Muzungu wa Chini, wakadhani atakasirika. Aliwajibu tu kwamba muzungu wa juu analipwa vizuri zaidi, kama wanaweza waende wamuombee mshahara ule. Jina likafa siku hiyo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kugonga. Kabla timu haijaingia mahali palipolipuliwa, Kapita alitangulia na mtaimbo mrefu na kugonga dari, kipande kwa kipande, kutoka pembeni kuelekea katikati. Mwamba mzima unalia, sauti yake nyembamba, inakaa hewani kidogo. Mwamba uliolegea unajibu bubu, kama mtu aliyefunikwa mdomo. Sisi tulisimama nyuma bila kukohoa. Dari likilia, alisema neno moja, "Inalia," na tukaingia. Likiwa bubu, alisema mawili, bila kupandisha sauti: "Toa batu," yaani watu watoke. Tulitoka. Naye alitoka nyuma yetu, taa yake ya mwisho katika safu.

Na sheria moja haikuandikwa popote: hakuna anayegonga nyuma ya Kapita. Akishasema, basi. Ukigonga tena unamwita mwongo, na timu isiyomwamini anayegonga haiwezi kufanya kazi. Siku moja fundi mmoja wa baruti, mtu wa majivuno, aliokota fimbo ya chuma na kujaribu dari ambalo Kapita alikuwa amelipitisha. Kapita alimkabidhi mtaimbo wake, akaenda akaketi juu ya sanduku la vifaa, akakunja mikono. Fundi yule akabaki na mtaimbo katikati ya watu wote. Aligonga, akagonga tena, akatuambia tuingie. Hakuna aliyeinua mguu. Mwishowe alimrudishia mtaimbo kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudisha mtoto wa wenyewe.

Tabia ile alipanda nayo juu. Alikuwa akigonga maboga sokoni mpaka wamama wa Kasaji, wanaoshusha vyakula vyao na treni, wakamkataza kugusa. Akifika kwako aligonga kwanza fremu ya mlango, halafu ndipo anakusalimu. Nilipotaka kununua lori langu la kwanza aliligonga lote, chasisi na bodi, muuzaji akawa anamnung'unikia. Alisema lori ni zima. Lilikuwa zima kweli, kasoro injini.

Maana alikosea pia, na hili hakuwahi kulikubali. Parokia ilipoletewa benchi jipya la kwaya, aliligonga mbele ya padri na kulipitisha. Jumapili iliyofuata wamama wa sauti ya kwanza walikaa, na katikati ya Utukufu benchi likapasuka, wakashuka wote kwa pamoja, wengine wakiendelea kuimba. Kanisa zima lilicheka mpaka padri akageukia altare. Kapita alilikagua benchi baada ya misa na kutangaza kwamba benchi halikuwa na kosa, kosa ni la wamama. Mke wake, aliyekuwa mmoja wa walioanguka, hakumpikia siku ile.

Aliogopa jua kuliko alivyoogopa baruti, lakini hakubeba mwavuli, akisema unashika mkono wa mtaimbo. Jirani yake mmoja alikuwa na binti albino. Kapita alimnunulia yule msichana kofia pana, nzima, isiyoguswa na mkasi, na akimkuta nje bila kofia aligombana na mama yake mpaka mtaa unasimama. Halafu anarudi nyumbani na kuikata yake. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwamba kofia inayofunika sikio ni sawa na kipofu aliyevalishwa miwani.

Siku ilikuja kampuni ikapunguza watu, na Kapita akapanda juu kwa mara ya mwisho. Mimi nilishaondoka zamani kwenda kwenye biashara. Yeye hakujua kuuza hata chumvi. Vijana wanaochimba kwa mikono kule Mutoshi ndio waliomchukua. Wanatoka Kongo yote, wanashuka kwenye mashimo membamba kwa kamba, bila mbao, na dari linawaangukia kama mvua. Walisikia kuna mzee anayesikia mawe. Wakawa wanamlipa asubuhi agonge kabla hawajashuka. Kwa hiyo mtu ambaye shimo lilimficha jua miaka yote akaanza kusimama kwenye mdomo wa shimo, juani, kofia ina madirisha mawili, masikio yake mekundu nje.

Vidonda vilianza mikononi. Vidogo, vyenye magamba. Kwenye zahanati ya masista kulikuwa na sista mmoja aliyevikwangua kwa kijiko kidogo chenye makali, halafu anachoma mahali pale kwa sindano ya umeme. Vilipona vikaacha alama nyeupe, za duara. Kapita alipenda njia hiyo. Unaenda asubuhi, mchana unakula bukari, ugali wako. Alimsifia sista kama vile sista ndiye aliyevumbua umeme.

Kisha kikaja kingine, pale mbele ya sikio la kulia, kinaelekea kwenye sikio lenyewe. Hiki hakikupona. Kilitoa damu kwenye mto. Kapita alikwenda kwa sista na kuomba kijiko na sindano. Sista alikishika, akakibonyeza pembeni, akaondoa mkono.

"Tata Kapita, hii siwezi. Ile ya mikono ilikuwa juu tu. Hii inaingia, na mi sione fasi inaishia. Nikichoma, juu itafunga, chini itabakia."

Alikata kipande kidogo tu cha kupima. Jibu lilirudi: kansa ya ngozi. Kapita alinitafuta gereji. Aligonga bodi ya lori, akanisalimu, akaniambia ana ugonjwa wenye jina na anahitaji gari.

Nilimpeleka mimi mwenyewe, kwa gari langu, siyo la dereva. Kwanza hospitali ya Kolwezi, kwa daktari mpasuaji mtu mzima, asiye na maneno mengi. Alichora kwa kalamu juu ya shavu la Kapita: mstari ulianzia karibu na jicho, ukazunguka nyuma ya sikio, ukarudi chini kwenye taya. Alieleza kwamba atakata vyote vilivyo ndani ya mstari mara moja, pamoja na jani lote la sikio na nyama nzima kidogo ya pembeni, maana asipochukua kizima kidogo anaweza kuacha kibaya. Halafu atatoa ngozi pajani na kufunika. Usingizi mmoja, kisu kimoja. Kapita alijitazama kwenye kioo. Aliomba kitambaa na kufuta mstari, polepole, kama anayefuta uso wa mtoto.

Lakini aliuliza swali lake kabla hatujatoka. "Docteur, hauwezi kuniachia nguzo? Mu chini hatutoake yote. Ukitoa nguzo, mulima inakuangukia."

Daktari hakumcheka. "Mwili haiko mulima, tata. Ile nguzo unaniomba, njo itakukula."

Alituambia pia kwamba Lubumbashi kuna daktari mwanamke anayekata kwa njia nyingine, na Kapita ana haki ya kumsikia. Tukaenda. Yule mwanamke alikuwa kijana, mpole wa sauti lakini hakupindisha. Alisema yeye atakata karibu na kidonda, kwa unyembamba, ataweka nyuzi kuonyesha upande gani ni wa jicho, upande gani ni wa sikio, na kipande kitapelekwa kwa wenye mashine ya kuangalia. Wataangalia kingo zote. Kidonda hakishonwi, kinafunikwa tu, wanangoja. Upande utakaoonekana safi unaachwa. Upande wenye ugonjwa unakatwa tena, pale pale tu. Hivyo mpaka kote kuwe safi, ndipo kufungwe. Sikio linaweza kupona. Linaweza pia kuondoka, kidogo kidogo. Mwishoni alimshika Kapita mkono, akamwambia:

"Tata, hii njia ni ya mutu mwenye kurudia. Kama uko mutu wa kurudia, mi nitaanza. Kama hapana, rudi Kolwezi bakukate mara moja."

Kapita alisema yeye ni mtu wa kurudia.

Njiani, tulipopita Likasi, akaanza kuzipanga zile njia kwa sauti, kwa lugha yake. Kijiko cha sista ni kama wale wanaokwangua taka za zamani za mgodi kule Kingamyambo: unapata kilicho juu. Daktari wa Kolwezi ni mtu wa karieri, anafungua mlima mzima, anabeba jiwe na udongo na miti. Yule mwanamke ni mtu wa galeri, ile njia ya chini kwa chini. Anafuata mshipa, anatazama, anaenda tena. "Na mi," alisema, "niko mutu wa galeri."

Mimi si mtu wa kuzunguka. Nilimwambia sikio ni nyama, akate, aishi, daktari amesema kinachosikia kiko ndani ya kichwa, jani la nje linakusanya sauti tu. Hakuniamini. Tulipofika kwangu aliomba plasta. Nikamlazia sikio la kulia kichwani, nikalibandika mpaka likawa bapa. Alichukua mtaimbo kutoka kwenye gari (ndiyo, alikuwa amesafiri nao) akaanza kugonga ukuta wa nyumba yangu.

"Inabadilika," alisema.

"Haibadilike, Kapita. Mi nasikia ile ile."

"Weye ulikuwaka unasikia nini? Ulikuwaka unabeba majiwe."

Aligonga tena. Alizunguka nyumba yote, akigeuza kichwa huku na huku, plasta inang'aa. Aliporudi mbele alikuwa mtu mwingine. Alikaa kwenye ngazi na kunieleza kwa utaratibu, bila hasira. Sauti anaipata, ila hajui tena inatoka wapi. Dari linalia, lakini ni lipi, hili au lile? Na hata kama angejizoesha, ni kijana gani wa Mutoshi atashuka kwenye shimo kwa neno la mzee mwenye sikio moja? Wataingia bila kugongewa. Watakufa, na yeye atakuwa hai, amekaa kivulini na mshono wake. Nikambandua plasta.

Akachagua Lubumbashi. Kwa haki, hakuchagua vibaya. Ile njia ilikuwa nzuri. Daktari alikata mara ya kwanza, nikamrudisha nyumbani na bandeji nene, tukangoja. Simu ilipigwa kwangu maana yeye hakutaka kubeba simu. Daktari aliniambia pande zote ni safi isipokuwa mmoja. Upande wa sikio bado. Arudi wiki hiyo hiyo.

Nilikwenda kwake mchana. Mke wake alikuwa amemfungulia bandeji kumsafisha. Nyama ilikuwa nyekundu, nzuri, pembeni imeanza kuvuta ngozi. Kapita alikuwa na kioo mkononi. Nilimwambia maneno ya daktari kama nilivyoyapokea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainua kidole, akajigonga kwa ukucha kuzunguka kile kidonda, kutoka pembeni kuelekea katikati, kichwa kimeinama, macho yamefungwa. Mke wake akaacha kukamua kitambaa. Mimi, Mungu anisamehe, niliacha kupumua. Miili yetu ilikumbuka kazi.

"Inalia," alisema.

Nilimwambia siyo jiwe. Nilimwambia daktari ameona kwa mashine. Nilimwambia rudi, Kapita, uliahidi kurudi, gari liko nje na limejaa mafuta. Alifungua macho na kunitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesikia mbwa anaongea.

"Nani anagongaka nyuma ya Kapita?"

Mke wake aliinamia beseni. Nilijaribu kupitia kwake, nikajaribu kupitia kwa padri, nikampigia daktari na kumpa Kapita simu, akaisikiliza kwa sikio la kulia na kunirudishia. Sista wa zahanati alikuja kwa miguu mpaka nyumbani. Kapita alimpokea vizuri, akamkaribisha chai, akamwonyesha ngozi inavyofunga. Na ilifunga. Huo ndio ubaya wake. Baada ya muda palibaki mstari wa waridi na sikio limekaa mahali pake, na Kapita akarudi Mutoshi na kofia ya madirisha.

Sasa nieleze jambo ambalo huwa linaniamsha. Msimu ule wa mvua aligonga shimo moja, kundi zima likiwa tayari limefunga kamba, na akasema "Toa batu." Vijana walilalamika, mmoja akamwambia mzee umeshachoka, uende kulala. Walitoka kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kubaki. Wakiwa bado wanatukana, ardhi ilishuka. Hakuna shimo tena, ni sahani ya udongo. Nimekutana na wale vijana. Mmoja anaendesha lori langu, ana watoto, anapiga miluzi akiosha vioo. Kila nikisikia mluzi ule namuona Kapita na plasta yake anazunguka nyumba yangu. Nataka kusema alikosea. Najua alikosea. Halafu mluzi unaanza tena.

Kovu lilifunguka kiangazi, na chini ya taya palitokea uvimbe, kisha mwingine chini yake. Daktari wa Kolwezi alimpokea bila kumkumbusha chochote. Alisema sasa kisu kingechukua sikio, nyama ya shavu na tezi za shingo, na bado kisingemaliza. Ingehitaji mionzi, nchi nyingine, na mwili wenye nguvu kuliko ule. Kapita aliipima hata njia hiyo. Aliuliza maswali yake yote, akashukuru, akaomba arudishwe nyumbani.

Nilimwona mara ya mwisho alasiri moja, chumba kimejaa watu. Mabinti zake, wakwe, wamama wa kwaya, wote wanaongea mambo ya chakula na hali ya hewa, wanamwambia anaonekana vizuri leo. Alikuwa amelalia upande wa kushoto, sikio la kulia juu. Halikuwa na alama. Lilikuwa zima, safi, kama kitu cha mtu mwingine alichowekewa amtunzie. Mtaimbo uliegemea ukutani karibu na kichwa.

Nilimsalimu. Aliniita kwa kidole. Nikapiga magoti pembeni ya kitanda. Alishika mkono wangu, huu wenye pete ya tajiri, akauweka kwenye shingo yake.

"Gonga."

Nilimwambia, "Kapita, hakuna mutu anagongaka nyuma yako."

"Minakuambia, gonga."

Niligonga kwa ukucha kama alivyonifundisha, kutoka pembeni kuelekea katikati. Ngozi ilikuwa ya moto. Chini yake palikuwa pagumu kama jiwe, na jiwe lile halikurudisha kitu. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza mkono wangu.

"Inasema nini?"

Wale wote waliokuwa chumbani walinitazama ili nimwambie uongo. Mke wake pia.

"Bubu, Kapita."

Alitikisa kichwa taratibu, vile alivyokuwa akifanya zamani mbeba mawe akipata sawa. Akafungua macho, akatazama chumba, mabinti, wakwe, wamama wa kwaya, mmoja mmoja, kama anayepitisha safu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Toa batu."

Niliinuka, nikawatoa. Sikueleza, na hakuna aliyeuliza, hata wale ambao hawakuwahi kushuka shimo. Mke wake alisita mlangoni, nikamshika bega, akatoka. Tulisimama uani kwenye jua, tumeukabili mlango, mikono imening'inia. Ndivyo tulivyosimama miaka ile kwenye mdomo wa galeri, tukizitazama taa zikitoka moja moja gizani, na hakuna aliyekwenda kunawa kabla taa ya mwisho haijatoka.